Mkanda Kwenye Gazeti

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu Noor hulisema hilo mbele ya wageni, na wageni hucheka, maana wengi wao wameshazionja. Naitwa Khalil Matar. Nina duka la nafaka Tandika nililoachiwa na ami yangu, na nina Corolla ya mwaka tisini na saba ambayo rangi yake ya fedha imebaki upande mmoja tu, ule usiopigwa jua pale ninapoegesha. Lakini haya si maelezo yangu wala ya gari. Ni ya Fundi Tupo, na nilipaswa kuyasema zamani.

Jina lake kamili ni Tupokigwe. Ni mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Tukuyu, anayefunga kitambaa kichwani juu ya ovaroli na kuimba kwaya kanisani kwao kila Jumapili. Gereji yake iko Mtoni, nyuma ya kiwanja cha wafyatua matofali: mabati manne, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na benchi la wateja ambalo ni kiti cha nyuma cha basi dogo lililokufa siku nyingi.

Hakuanza kama fundi. Alikuwa karani wa duka la spea Gerezani, na huko ndiko alikoona jambo lililomkera. Mteja anakuja leo kununua plagi. Kesho anarudi kununua koili. Keshokutwa anataka pampu ya mafuta, na gari bado haliwaki, kwa sababu fundi wake anabahatisha.

"Nilikuwaga nawauzia watu dawa za magonjwa ambayo gari zao hazina," aliniambia siku moja. "Roho ikawa inaniuma. Nikaenda kusoma ufundi jioni, nikaacha kaunta."

Ndiyo maana kwake boneti haifunguliwi mpaka mwenye gari aeleze tatizo. Lilianza lini? Asubuhi, au likishapata moto? Ukikata kona, au ukinyoosha? Utajibu maswali mpaka uone afadhali ungekwenda kwa daktari. Ukishamaliza, hukai benchini ukachezea simu. Unaitwa. Unapewa tochi ushike, au spana, au tambara. Gari ni lako, mikono yako nayo ijifunze.

Kwake nimejifunza mengi bila kupenda. Nilijifunza kulaza gari juu ya kipande cha boksi, ili asubuhi nione kilichodondoka: tone jeusi ni oili, la kijani ni la rejeta. Nilijifunza kutojaza rejeta maji ya kisima chetu, kwa sababu chumvi yake inakula chuma ndani kwa ndani. Aliniachisha pia ule ugonjwa wa wengi wetu mjini, kutembea kila siku na taa ya mafuta imewaka, tukidhani tunabana matumizi. Pampu ya mafuta inapozwa na mafuta yenyewe, alisema, na tangi likikaa tupu unaiunguza. Nilibisha. Mimi hubisha kwanza. Lakini tangu nianze kujaza nusu tangi, pampu haijanisumbua.

Sasa niseme lile la aibu.

Sisi wenye magari ya zamani tuna desturi yetu. Vioo na taa tunachonga namba ya gari, ili mwizi akivibandua akose pa kuviuza. Mimi nilikwenda mbali zaidi. Nilichukua rangi ya kucha ya Noor, nyekundu, nikatia nukta kwenye betri, kwenye stata na kwenye alteneta, ile inayochaji betri, ili fundi yeyote asinibadilishie kizuri akaniwekea kibovu. Noor aliitafuta chupa yake wiki nzima. Alipoikuta kwenye boksi la spana alinitazama tu.

Mara ya kwanza nilipompelekea Fundi Tupo gari, miaka mitano iliyopita, ilikuwa breki. Akazitengeneza, nikaondoka. Nilipofika dukani, jirani yangu mmoja anayejifanya anajua kila kitu akainama juu ya injini, akasema, "Braza, hii alteneta mbona kama siyo yako?" Nikatazama. Nukta nyekundu haipo.

Nilirudi Mtoni sijui kwa barabara gani. Wateja watatu walikuwa benchini. Nilimwita mwizi. Nilimwita mwizi mara mbili, na nikaongeza mengine kuhusu wanawake na spana ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu binti yangu Rumaisa anajua kusoma. Yeye alichovya tambara kwenye petroli, akafungua boneti, akafuta alteneta taratibu, upande wa juu, halafu wa pembeni. Nukta ikatokea, nyekundu ya Noor, nzima kabisa. Ilikuwa chini ya uchafu wangu mwenyewe wa miezi sita.

Mtu mwenye adabu angeomba radhi hapo hapo. Mimi niliona macho ya wale watu watatu, nikaona haya, na haya zangu huwa zinatoka kwa sura ya hasira. Nikasema, "Sawa. Lakini kuanzia leo, kila unachokitoa kwenye gari langu, hata iwe skrubu, nikione kwa macho yangu."

"Utakiona, Baba Rumaisa," akasema.

Na kweli nilikiona. Tangu siku hiyo sikuwahi kutoka gereji pale mikono mitupu. Kila kitu alichokibadilisha alikifunga kwenye gazeti, kama walivyokuwa wakifunga dukani Gerezani, akaandika juu kwa kalamu nene jina la kitu na hali yake. *Plagi nne. Zimekufa. Hosi ya rejeta. Imekufa.* Mara moja alinipa fyuzi moja, nasema fyuzi moja, ndogo kama punje ya mahindi, imefungwa kwenye ukurasa mzima wa michezo. Nilikuwa nikivipokea kwa ncha za vidole viwili na kuvitupa kwenye buti. Mara mbili nilitaka kuvimwaga jalalani, na mara zote mbili Noor alinizuia.

"Si uliyataka mwenyewe?" alisema. Akavikusanya vyote kwenye mfuko wa mchele, akaubana chini ya tairi la akiba.

Mwaka jana kabla ya masika, gari likaanza kupiga kelele asubuhi, mlio wa kukwaruza unaoamsha mtaa. Fundi Tupo hakuhitaji kuuliza mengi. Ulikuwa mkanda wa injini, ule mweusi wa mbele unaozungusha pampu ya maji na alteneta. Akaukunja nikaona nyufa ndogo ndogo kwa ndani.

"Bado una nguvu, ila umeanza kuzeeka. Tuutoe kabla haujakuaibisha njiani," akasema, akanitajia duka la kununua mwingine. "Chukua ule orijino. Usinunue wa barabarani."

Nilinunua wa barabarani. Ulikuwa kwenye boksi linalong'aa, na muuzaji aliniapia kwa Mungu. Fundi Tupo aliupokea, akaunusa. Ndiyo, aliunusa, mbele yangu.

"Huu unanuka ndala," akasema.

"Funga hivyo hivyo," nikasema.

"Ulionunua wewe, ufunge wewe. Mie nitakuelekeza."

Akanisimamia. Nikalegeza nati ya chini kwa spana ya kumi na nne na ile ya juu kwa kumi na mbili, nikaisukuma alteneta kuelekea injini, nikavisha mkanda, nikaivuta kwa mpini wa jeki, nikakaza. Vidole vilichunika. Akabonyeza mkanda kwa dole gumba, akatikisa kichwa, nikarudia. Mara ya tatu ndipo akakubali. Kisha akaufunga ule wa zamani kwenye gazeti, na safari hii akatia ndani spana mbili zilizochakaa.

"Hizi za nini?"

"Zangu. Utanirudishia ukishamaliza nazo."

"Nimalize nazo nini?"

Alikuwa ameshaingia chini ya gari la mtu mwingine.

Ami yangu Mudathir ndiye aliyenilea. Baba alifariki nikiwa na miaka saba, na ami akanichukua, akanifundisha kupima, kusoma na kuswali, kwa mpangilio huo. Hakujaliwa mtoto. Alipozeeka aliniachia duka akahamia Kimbiji kwenye minazi yake, na kila nilipokwenda kumwona alinishika mkono na kusema jambo lile lile: "Siku yangu ikifika, Khalil, kaburini utanishusha wewe. Usimwachie mtu." Mimi nilimwahidi. Kila mara nilimwahidi.

Alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa tano mwaka huu. Mzee Aiman, jirani yake, alinipigia simu saa nne. "Tutamswalia baada ya Alasiri," akasema. "Tukishaswali tunambeba. Njoo, mwanangu."

Noor alikuwa Kinondoni kwa dada yake aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Ndugu wengine wakatangulia, mimi nikaenda kumchukua mke wangu, maana ami alimpenda kama alivyonipenda mimi, na pengine zaidi. Foleni ya kwenda na foleni ya kurudi zikatumalizia muda. Tulipovuka daraja la Kigamboni ilikuwa saa nane kasoro. Nikajiambia tutafika. Lami ikaisha, tukaanza mashimo, na mvua ya juzi yake ilikuwa imeacha madimbwi kila mahali.

Zilikuwa zimebaki kama kilomita kumi na mbili niliposikia *pa!*, kisha kitu kikachapa chini ya boneti, na taa nyekundu ya betri ikawaka.

Niseme kweli, sikutaka kusimama. Mguu wangu ulikuwa umeshakandamiza. Kilomita kumi na mbili tu, nikasema moyoni, liungue likitaka. Lakini maneno ya Fundi Tupo yalikuwa yameshaniingia bila ruhusa yangu: "Taa ya betri ikiwaka gari likiwa linatembea, zima kwanza. Hasira baadaye." Mkanda ukikatika pampu ya maji haizunguki, na injini hiyo haimalizi hata kilomita tano kabla haijaiva. Nikazima.

Nilipofungua boneti, ule mkanda wa boksi linalong'aa ulikuwa vipande, umechanuka nyuzi. Nikapiga teke tairi. Nikamlaani muuzaji, nikaliapiza gari, nikajitukana mwenyewe. Nikampigia Mzee Aiman, simu ikagoma kutoka. Bodaboda moja ikapita, imebeba watu wawili na dumu. Saa yangu ilionyesha nane na dakika arobaini. Nikakaa chini kwenye mchanga, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, nikalia. Nililia kwa ajili ya ami, na nililia kwa sababu ningefika nikute udongo umeshasawazishwa.

Noor hakuja kunibembeleza. Alikuwa nyuma ya gari. Nilimsikia akitoa tairi la akiba, halafu nikamsikia akisoma kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Plagi nne. Zimekufa. Hosi. Imekufa. Fyuzi. Imekufa. Pedi za breki. Zimekufa."

"Noor, niache," nikasema.

"Mkanda," akasema Noor, na sauti yake ikabadilika. "Mkanda wa injini. Bado mzima."

Nikainuka. Alikuwa ameshika kile kifurushi kifuani kwa mikono yote miwili. Tukakifungua pamoja palepale kwenye buti. Mkanda wa zamani, mweusi, mkavu, na katikati yake spana mbili: ya kumi na mbili na ya kumi na nne.

Sikujua kama naijua kazi ile mpaka nilipoishika. Vidole vilikumbuka. Chini kumi na nne, juu kumi na mbili, sukuma, visha, vuta kwa mpini wa jeki. Noor alishika mpini nilipokuwa nakaza. Injini ilikuwa ya moto, nikaungua mkono mara mbili, na mara ya kwanza mkanda ukawa umelegea. Nikabonyeza kwa dole gumba na kutikisa kichwa kama yeye, nikarudia. Nikarudia tena. Noor akawasha. Taa nyekundu ikazimika.

"Alhamdulillahi," akasema Noor. Mimi nikafunga boneti.

Tuliwasili watu wakiwa wameshalifikisha jeneza makaburini. Mzee Aiman aliniona nikikimbia, akainua mkono kuwazuia wengine. "Mtoto wake amefika," akasema. "Subirini." Nikatawadha haraka kwa ndoo. Grisi haikutoka, ilibaki kwenye kucha na mistari ya viganja. Nikaona haya kuingia nayo mbele ya ile sanda nyeupe, Mzee Aiman akaitazama mikono yangu, akasema, "Shuka, baba. Anakungoja." Nikashuka. Nikampokea ami yangu, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, nikamlaza kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla. Nilimshusha mimi. Sikumwachia mtu.

Siku ya nne nilikwenda Mtoni. Nilipitia kwanza lile duka alilonitajia mwaka ule, nikanunua mkanda orijino bila kuuliza mara mbili. Benchini walikuwa watu watano, na niliona vyema wawepo. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nilitaka na hili liwe mbele ya watu.

"Shikamoo, Baba Rumaisa," akasema, akijifuta mikono. "Pole na msiba. Nimesikia."

"Marahaba. Fundi, nina neno." Nikasimama pale pale niliposimama miaka mitano iliyopita, nikamwambia yote: taa nyekundu, mchanga, Noor akisoma, spana zake mbili, mpaka kaburini. "Siku ile nilikuita mwizi," nikasema, "na wewe hukuwa na kosa. Sikuomba radhi siku ile wala siku yoyote. Naomba sasa. Nisamehe."

Alilitundika tambara alilojifutia. Benchi zima lilimgeukia.

"Siku ile nilifunga saa nane," akasema. "Nikajilaza ndani ya lile basi bovu tulilong'oa benchi hili, nikalia. Nikasema basi, narudi kwetu Tukuyu, nikauze viazi."

"Ikawaje?"

"Nikakumbuka kuna gari la mteja nimelifunga breki za upande mmoja tu. Nikaamka nikamalizie." Watu wakacheka, naye akacheka, ila macho yalikuwa yamelowa. "Nimekusamehe zamani, mzee wangu. Ila nisikufiche, mwanzo yale magazeti nilikuwa nakukomoa. Ile fyuzi? Nilikukomoa kabisa."

"Ulifanikiwa," nikasema.

"Halafu wateja wengine wakawa wanaona, na wao wakataka vya kwao. Sasa hivi nawarudishia wote. Wananiamini kwa sababu hiyo. Wengine wanatoka mpaka Madale, wanasema kule kwa yule mama wa magazeti." Akanitazama. "Kwa hiyo na mie ningekuwa nishakushukuru siku nyingi, ila wewe siyo mtu wa kushukurika. Unafokaga."

Noor alipoambiwa hilo jioni alicheka mpaka akakaa chini.

Nikampa ule mkanda mpya. Akaunusa, na safari hii akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akanipa spana. "Ufunge wewe. Nishajua unaweza." Nikaufunga, mara moja tu, naye akaubonyeza kwa dole gumba na hakusema kitu, na kwa Fundi Tupo hiyo ndiyo sifa. Nikamrudishia spana zake mbili, nikimwambia kwamba nimemaliza nazo.

Hakuzipokea. Alichukua mkanda wa zamani, ule uliokuwa umenifikisha Kimbiji, akaukunja, akaweka spana katikati, akafunga vyote kwenye gazeti la jana. Akaandika juu kwa kalamu yake nene, taratibu, kama vile ndiyo mara ya kwanza: *Mkanda wa injini. Bado mzima.*

Akaninyooshea. Nikaupokea kwa mikono miwili.